Gari Inayolia Langoni kwa Kavata

"Ngojeni kwanza!"

Hivyo ndivyo Kavata alivyosema, fimbo ikiwa juu, kithitu kikiwa chini mbele ya miguu yake. Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, na najua mlinitukana. Mmoja wenu kule mjini Wote amenitumia ujumbe akiuliza kama mwalimu wangu hakunifundisha kumaliza hadithi. Alinifundisha. Tuendelee.

Na wewe uliyefungia nyama gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitakukumbusha upesi, halafu usinisumbue tena.

Kavata ni mjane wa Musembi. Boma lake liko chini ya mteremko wa Kwa Ndunda, nje kidogo ya Ikutha, pale barabara inapokata kona kuelekea mtoni. Kiema ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Miaka na mikaka aliendesha trekta kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibwezi, halafu akarudi nyumbani na gari ndogo nyeupe ya otomatiki na shingo ngumu. Kila gari hiyo ikifika langoni kwa Kavata, inalia. Kriiiii! Kiema akasema ni uchawi wa Kavata, na ukoo ukamwamini.

Ndiyo kithitu kikaletwa kutoka Kanyangi. Sisi Wakamba tunakijua. Ni pembe iliyojazwa vitu ambavyo sitavitaja gazetini; anayekila hukipiga kwa fimbo huku akitamka kiapo, na mwongo akikila kiapo hicho hamalizi mvua mbili. Kavata akikataa kukila, afunge virago arudi kwao Tseikuru, na boma libaki kwa Kiema. Kiema amesikia barabara itawekwa lami, na boma la kando ya lami linamwasha usingizini.

Na hakuna hata mmoja, katika ukoo mzima wenye watu waliosoma mpaka wakavaa tai, aliyejiuliza mbona gari inalia chini ya mteremko. Chini ya mteremko, jamani! Hata punda wa maji hupunguza mwendo pale.

"Tungoje nini?" Kiema akafoka. "Umeogopa?"

"Mwenye mashtaka ndiye huanza," Kavata akasema. "Ama nimedanganya, mwenye kithitu?"

Mwenye kithitu alikuwa mzee mfupi mwenye koti refu. Tangu asubuhi alikuwa akinung'unika kwamba kithitu hakiliwi mlangoni kwa mtu, kinaliwa porini mbali na watoto na mifugo. Lakini Kiema alisisitiza kiwekwe papo hapo mbele ya lango la Kavata, ndio aaibike vizuri.

"Ni ukweli," mzee akajibu. "Anayeshtaki anapiga kwanza. Halafu anayeshtakiwa. Wote kwa maneno yaleyale."

Kavata akamnyoshea Kiema fimbo.

"Basi shika, shemeji. Sema hivi: gari yangu haijawahi kulia mahali pengine popote, ila hapa kwa Kavata tu. Ukimaliza kupiga, mimi napiga bila kusukumwa."

Kiema akaishika ile fimbo, akaikodolea macho.

Akakumbuka Emali. Siku aliyoichukua ile gari huko, ililia kwenye matuta, ikalia kwenye reli, ikalia akiingia petroli stesheni mpaka watu wakageuka. Na yeye akafanya nini? Akaongeza sauti ya redio. Mtu mzima, miaka hamsini na ushee, aliona dawa ya breki ni redio.

Akaishusha fimbo.

"Hili jua ni kali sana," akasema.

"Jua limeingiaje hapa?" Kavata akauliza.

Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi mmoja akaguna ile guna ya wanawake wa kwetu, ambayo ikitoka haihitaji maneno. Upepo ulikuwa umegeuka, na Kiema aliuona ukigeuka.

Hapo Salama akajisukuma mbele.

Salama ana duka la leso na madira pale Ikutha. Ni Mwislamu, mzaliwa wa Mwingi, rafiki ya Kavata wa kushibana, na anaendesha gari yake mwenyewe, otomatiki vilevile. Mdomo wake hauna breki, lakini gari yake inazo.

"Wazee, hamjambo," akasema. "Mimi si wa ukoo huu na kithitu chenu sikigusi. Lakini hii gari ililia siku ya soko mbele ya duka langu mpaka mbuzi wa watu wakakata kamba. Iko watu hapa walikimbizana na hao mbuzi."

"Kweli!" mtu akapaza sauti. "Mmoja alikuwa wangu!"

Mnaona? Kesi imeisha, si ndiyo? Nyinyi hamuwajui watu wa Kwa Ndunda.

"Salama," Kiema akasema polepole, "hiyo siku ya soko, Kavata alikuwa wapi?"

Salama akasita. "Alikuwa dukani kwangu. Lakini hiyo..."

"Aaaah!" umati ukapiga kelele.

"Mmesikia nyinyi wenyewe!" Kiema akaruka. "Gari inamnusa! Hata akienda sokoni inamnusa!"

Na wakamwamini tena. Watu wenye vitambulisho. Watu wanaopiga kura. Yule wa mbuzi ndiye aliyepiga kelele zaidi.

"Kiema, wacha ujinga," Salama akasema. "Hizo ni pedi za breki zimeisha. Breki ikilia, gari inakuomba. Siku itanyamaza kabla hujaitengeneza, siku hiyo utaanza kuomba wewe."

"Muuza leso atanifunza gari? Mimi? Nimeendesha trekta wewe ukinyonya!"

"Na bado unaiendesha hiyo trekta. Nilikuona ukiondoka dukani kwangu, miguu yote miwili iko kazini. Otomatiki ina pedali mbili, ya mafuta na ya breki. Mguu wa kulia ndio wa zote mbili. Wa kushoto unaukunja unauweka kando. Wewe wako umeulaza juu ya breki kama umelaza kichwa kwa mto, na hujui kwa nini breki zinaisha."

Kiema akajipiga kifua.

"Mguu wa mwanaume haukai bure!"

Wanaume wakacheka, wakapigana viganja. Hiyo ndiyo hoja iliyowapendeza. Mungu ndiye anajua wake zao huvumilia vipi.

Kicheko hicho kilimrudishia Kiema damu mwilini. Akaitupa ile fimbo chini, mbali na kithitu, kwa haraka kidogo kuliko inavyofaa mtu asiye na hatia.

"Sikieni, ndugu zangu," akasema. "Ya nini kusumbua kithitu? Gari yenyewe ndiyo shahidi. Naenda nayo mpaka juu, nashuka. Ikilia hapa langoni, Kavata anafunga virago leo leo. Isipolia, ni msafi, na mimi sitasema tena."

Mbwa mwerevu! Alijua italia. Ilikuwa imelia pale kila siku tangu aje nayo.

"Nakubali," Kavata akasema.

Salama akamshika mkono. "Aki Kavata, umerogwa kweli? Hiyo gari italia!"

"Wacha nimalize. Nakubali, lakini Mzee Mulinge apande na yeye. Wakifika juu, kwanza washike breki mbele ya lango la Mzee Mulinge. Mimi niko hapa, mnaniona, sijaenda popote. Ikilia huko pia, mje mniambie mchawi wa huko ni nani."

Watu wote wakamgeukia Mulinge. Hata yule wa mbuzi aligeuka.

Mulinge ndiye mwenyekiti wa ukoo. Ni mzee ambaye msimamo wake unategemea nani amempa lifti. Aliposikia jina lake alikuwa tayari ameshafungua mlango wa mbele, ameshakaa, na kofia ameshaiweka juu ya dashibodi.

"Ni sawa," akasema kwa sauti ya kikao. "Nitawapigia simu nikiwa huko juu. Muiweke kwa spika, kila mtu asikie."

Gari ikapanda.

Ikapanda ikinguruma, kwa sababu mguu wa kulia ulisema twende na wa kushoto ulisema tubaki. Tangu asubuhi Kiema alikuwa akishuka na kupanda mteremko ule kuwaonyesha wageni uchawi, na muda wote mguu wa kushoto haukuondoka pale chini. Sasa harufu ikaanza kuingia ndani.

"Kiema mwanangu," Mulinge akasema, "kuna kitu kinaungua?"

"Ni harufu ya upya, mzee."

Upya! Gari iliyomzidi kitinda mimba wake umri.

"Na mbona unaendesha na miguu miwili?"

"Mzee, ukienda kwa daktari unamuuliza mbona anashika sindano hivyo?"

Mulinge akaegemea. Kiti kilikuwa laini.

Wakafika juu, mbele ya lango la Mulinge. Kiema akashindilia mguu wa kushoto.

Kriiiii! Halafu, kabla ya kusimama, sauti nyingine nzito zaidi, krrrrr, ya chuma juu ya chuma. Kuku wa Mulinge wakaruka juu ya ua. Mke wa Mulinge akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Ni nini inauawa hapo?"

Kiema akatazama usukani. Mulinge akamtazama mke wake, akatazama lango lake, akaiona kesi nzima ikifunga safari kutoka kwa Kavata na kuja kupiga hodi kwake.

"Mzee," Kiema akasema, "umesikia?"

"Nisikie nini?"

"Imelia."

"Haijalia."

"Mzee, imelia mpaka kuku..."

"Kiema! Mwenyekiti wa ukoo ni nani? Hapa kwangu haijalia. Mimi sijasikia, mke wangu hajasikia, na wale kuku wako juu ya ua kwa hiari yao."

Wakatazamana. Wezi wawili wakitazamana hivyo hawahitaji mkutano. Kiema akatabasamu, na Mulinge akatoa simu.

Kule chini, mwenye kithitu akaiweka simu yake kwa spika, akaiinua juu.

"Hapa kwangu imenyamaza kabisa!" sauti ya Mulinge ikasema. "Imetulia kama mgeni!"

"Uongo!" Salama akapaza sauti. "Tumesikia kitu huku!"

"Ni kuku."

"Kuku gani analia krrrr?"

"Mama, kuku wangu unawajua wewe?"

Watu wakamgeukia Kavata. Sasa hawakunong'ona, walisema waziwazi. Shangazi aliyeguna akasogea kando kumpisha, namna unavyompisha mtu ambaye tayari ameondoka. Kijakazi huyu wa Mungu alikuwa amepanda miti ya ua ule na Musembi, mmoja mmoja, kwa maji ya kubeba kichwani. Na sasa mwenyekiti mzima, mtu wa kanisa, alikuwa amemuuza ili asiulizwe habari za kuku.

Nilikuwa nimeahidi kutokasirika katika sehemu hii. Nimeshindwa.

"Shemeji Kavata!" Ilikuwa sauti ya Kiema sasa, amejaa, amefurika, akiongea kwa simu ya Mulinge. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Na mwenye kithitu anisikie, na ukoo wote unisikie. Nashuka sasa. Gari hii ikilia langoni kwako, wewe ni mchawi, utoke. Isipolia, mchawi ni mimi Kiema, na hicho kithitu kinile mimi!"

Mwenye kithitu akashtuka.

"Kiema!" akaita kwenye simu. "Maneno hayo hayasemwi hivyo! Hujashika fimbo! Yafute!"

Lakini Kiema alikuwa amekwisha kumrudishia Mulinge simu, na Mulinge aliipachika kifuani mwa koti lake, pamoja na kalamu zake, bila kuizima. Wazee wetu hawajui kuzima simu. Kila mtu kule chini akasikia gari ikiondoka, redio ikicheza, na Mulinge akikohoa.

Gari ikaanza kushuka.

Kiema aliuacha mguu wa kushoto palepale pake, juu ya breki, akingoja kilio chake kitamu. Ikalia kidogo pale juu. Krrr. Akatabasamu. Ikalia tena, fupi. Moshi mwembamba ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele.

Halafu ikanyamaza.

Kimya kabisa. Mbele ya lango la Kavata watu walitega masikio. Gari ilikuwa inakuja, nyeupe, kubwa zaidi kila mara, na haikuwa inalia.

"Hailii!" mtu akasema.

"Hailii! Kavata ni msafi!"

Na wale wale, narudia, wale wale waliokuwa wanampisha aondoke, wakapiga vigelegele. Shangazi akamkumbatia. Yule wa mbuzi akasema yeye alijua tangu mwanzo.

Watu wawili tu hawakushangilia. Salama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Na Kavata alikuwa akitazama gari, akiona kwamba haipunguzi mwendo.

"Haishiki," simu ikasema.

Vigelegele vikakatika.

"Nini haishiki?" Ilikuwa sauti ya Mulinge.

"Klachi! Klachi inaingia yote mpaka chini, lakini gari haitulii!"

"Hakuna klachi!" Salama akairukia ile simu. "Kiema, hiyo ni breki! Breki zimekufa! Toa mguu wa kulia kwa mafuta! Vuta gia mpaka kwa L, ile ya mteremko!"

Lakini mtu akiogopa hurudi alikotoka, na Kiema alikuwa amerudi kwenye trekta. Alipiga mguu wa kushoto chini, akapiga tena, akitafuta pedali ambayo hakuna aliyeiweka, na mguu wa kulia ukajikaza palepale ulipokuwa. Gari ikaongeza mwendo.

"Handbreki!" Salama akapiga kelele.

Watu wakasikia Mulinge akivuta kitu kwa nguvu, halafu wakasikia akilia. Kilimjia mkononi bila kushika chochote, mfano wa mhogo uliooza.

"Ililia!" Mulinge akapasua sauti. "Mungu wangu, ililia! Kwangu ililia mpaka kuku wakapanda ua! Kavata mwanangu nisamehe, ilikuwa inalia kila mahali!"

Hapo. Kila mtu alisikia, kwa spika, kwa mdomo wa mwenyekiti mwenyewe. Kavata alikuwa ameshinda kesi, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na muda wa kumwambia.

Kwa sababu pale barabara inakata kona. Ukikata kona, ni umati umejaza njia, na nyuma ya umati ni wanawake wanaochota maji mchangani mwa mto na punda wao. Usipokata, mbele yako ni lango la Kavata, la chuma, limefungwa. Na ndani ya lango ni nyumba.

Nyumba hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe. Kavata angeweza kusimama kando tu. Lango lingeikinga nyumba, kwa sababu Kiema akiona chuma mbele yake angekata kona, na yaliyomo konani yangekuwa kosa la Kiema, si lake. Hakuna mzee wa ukoo wowote ambaye angemlaumu.

Kavata akalikimbilia lango lake.

"Kavata, toka hapo!" Salama akalia.

Akavuta komeo. Likakwama. Akalipiga teke, likatoka, akalisukuma lango kwa bega mpaka likafunguka lote, kisha akapunga mikono miwili juu akimwita yule yule aliyetaka kumfukuza.

"Ingia huku! Kiema! Ingia kwangu!"

Kiema akaona lango wazi, akaelekeza gari hapo. Mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kibwezi, alimsikiliza mwanamke.

"Si juu ya kithitu!" mwenye kithitu akapiga mayowe, akijaribu kukimbilia pembe yake na watu wakimvuta koti. "Jamani! Si juu ya kithitu!"

Kilikuwa palepale, mbele ya lango, alipotaka Kiema kiwekwe.

Gurudumu la mbele, la kushoto, lilikipiga kikapasuka. Gari ikampita Kavata kwa upana wa kanga yake, ikaingia bomani, ikabeba kamba ya nguo, na vumbi likafunika kila kitu. Kisha mshindo mkubwa wa mabati na matofali.

Halafu kimya, isipokuwa simu. Simu ilikuwa bado hai mkononi mwa Salama, na hakuna sauti ya mtu iliyotoka ndani yake. Ilitoka redio tu, ile ile dawa ya Kiema, ikiendelea kucheza.

"Shemeji!" Kavata akaita. Hakujibiwa. Akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye vumbi peke yake.

Mwenye kithitu alipiga magoti pale langoni. Akaokota kipande cha pembe, akakigeuza, akaona alama ya tairi. Watu walimzunguka wakingoja aseme kitu.

"Maneno aliyasema mwenyewe," akasema. "Gari haikulia. Na kithitu amekipiga."

Akafunga vile vipande kwenye koti lake, bila haraka.

"Amekula."